Kunyanyua Mtutu: Kutoka Delta ya Rufiji hadi Kifaru cha Rimoti Mtaani Dallas

 Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nawaletea historia. Msikimbie! Kompyuta zitaingia humu humu njiani, tena kwa mlango ambao wengi hawautarajii.

Swali la leo ni dogo sana. Mtutu wa mzinga hunyanyuliwaje, na nani anayejua kwamba umenyanyuka kiasi cha kutosha? Waulize wapenzi wa vifaru vya rimoti (vile vya kuchezea, vya kipimo cha 1 kwa 16) watakuambia kwamba hapo ndipo penye usumbufu. Magurudumu yanazunguka, turubeti inageuka, taa zinawaka, lakini mtutu umelala kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Kumbe usumbufu huo ni wa miaka mingi, na sehemu moja kubwa ya historia yake imeandikwa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwenye matope na mikoko ya Rufiji.

Ili tusipotee njiani, shikeni maneno matatu: uzito, kipimo na marekebisho. Kila mtutu uliowahi kunyanyuliwa, wa kweli au wa plastiki, umepitia hayo matatu.

Kwanza: uzito

Ukienda Mombasa ukaingia Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, utaona mizinga ya zamani imelala juu ya kuta. Itazame kwa makini. Katikati ya kila mtutu, kulia na kushoto, kuna vipande viwili vya chuma vilivyochomoza kama masikio. Mtutu mzima huning'inia kwenye masikio hayo, mfano wa pembea ya watoto. Mafundi wa kale walifanya kitako kiwe kizito kidogo kuliko mdomo, kisha wakaweka kabari ya mbao chini ya kitako. Ukiisukuma kabari ndani, kitako kinapanda na mdomo unashuka. Ukiivuta nje, mdomo unapanda. Basi. Hakuna gia, hakuna mota, na kwa karne kadhaa ilitosha.

Ilitosha kwa sababu mpiga mzinga alimpiga adui aliyemwona kwa macho, na kwa karibu. Mambo yalibadilika karne ya 19 ilipoleta chuma cha pua, mitutu mirefu na baruti isiyo na moshi. Kombora likaanza kwenda mbali kuliko jicho linavyoona vizuri. Sasa kosa dogo la pembe likawa kosa la mamia ya mita kule mbele. Kabari ikaondolewa, ikaja gurudumu la mkono lenye gia. Gia iliyopendwa sana ni ile yenye umbo la skrubu inayozungusha gurudumu la meno, kwa sababu ina tabia moja nzuri: skrubu inaweza kuzungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuirudisha skrubu kirahisi. Mzinga ukipiga na kuruka, pembe haipotei. Palipokuwa na mtutu uliozidi uzito upande mmoja, waliongeza springi za kuubeba ili mkono wa mtu usichoke.

Kumbuka habari ya springi. Tutaihitaji tukifika Dallas.

Manowari mbili, mizinga inayokaribiana

Mwezi Juni 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam. Ilishushwa majini mwaka 1905, nahodha wake aliitwa Max Looff, na ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Mtutu wa kila mzinga ulikuwa na urefu wa mara 40 ya upana wa tundu lake, yaani mita 4.2, na uzito wa takriban tani moja na nusu. Kombora lilitoka kwa kasi ya mita 690 kwa sekunde. Mtutu uliweza kunyanyuliwa hadi nyuzi 30, na kwa pembe hiyo kombora lilifika kama kilomita 12.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwishoni mwa Julai. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Pegasus ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4. Sasa piga hesabu: inchi 4 ni milimita 102, na sentimita 10.5 ni milimita 105. Tofauti ni milimita tatu! Mtu akikuonyesha matundu hayo mawili hutajua lipi ni lipi.

Lakini Königsberg ilianza kupiga ikiwa mbali kiasi cha kilomita 8, na makombora ya Pegasus yakaanguka baharini kabla ya kufika. Kombora la Pegasus lilikuwa na uzito wa ratili 25, yaani kama kilo 11. La Königsberg lilizidi kilo 15. Kombora zito hushindana na hewa vizuri zaidi, kama vile jiwe linavyokwenda mbali kuliko ganda la mahindi ukilirusha kwa nguvu ile ile. Pegasus ilizama, na mabaharia zaidi ya 30 walikufa.

Hapo tunaliona neno la pili, kipimo. Kunyanyua mtutu hakuna maana kama hujui kila uzi mmoja wa pembe unakupa mita ngapi.

Rufiji: mchezo wa kupiga usichokiona

Baada ya Zanzibar, mashine za Königsberg zilikuwa zimechoka. Looff akaificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mito iliyojaa mikoko. Sehemu za boila zilifunguliwa zikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. (Umeona? Hata kabla ya risasi ya kwanza kulia Rufiji, vita hivi vilitegemea karakana.)

Waingereza waliigundua mahali ilipo tarehe 30 Oktoba 1914. Tatizo ni kwamba manowari zao zilihitaji maji ya kina kirefu, kwa hiyo zilibaki nje. Tarehe 10 Novemba walizamisha meli ya makaa ya mawe, Newbridge, kuziba njia mojawapo. Königsberg ikawa kama simba aliyefungiwa zizini: hawezi kutoka, na hakuna anayethubutu kuingia.

Ufumbuzi ulikuja katikati ya 1915. Manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, zilivutwa kutoka Malta hadi kisiwa cha Mafia. Hizi zilijengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili, zikanunuliwa na Uingereza vita vilipoanza. Zilizama majini chini ya mita mbili tu, kwa hiyo ziliweza kuingia deltani. Kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6. Kisiwani Mafia, ambako Waingereza waliteka mwezi Januari, kukatengenezwa uwanja wa ndege.

Ndege za nini? Hapa ndipo mwanaprogramu anapaswa kusogeza kiti karibu. Severn na Mersey hazikuweza kuiona Königsberg, kwa kuwa katikati yao kulikuwa na msitu wa mikoko. Mpiga mzinga alinyanyua mtutu kwa kufuata ramani na hesabu, akafyatua, kisha hakuona chochote. Ilibidi mtu mwingine aone kwa niaba yake, naye alikuwa angani, na ujumbe wake ulishuka kwa simu ya upepo.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu. Meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mwangalizi angani akaona maji yakiruka hapa na pale, lakini hakuweza kujua kombora hili ni la Severn au la Mersey. Akisema "ongeza", nani aongeze? Makombora zaidi ya 600 yalipigwa, yaliyoipata Königsberg ni ya kuhesabu kwa vidole. Upande wa pili, Königsberg nayo ilikuwa na waangalizi wake nchi kavu, na ilipiga kwa usahihi wa kutisha. Mzinga wa mbele wa Mersey ulivunjwa na mabaharia kadhaa wakauawa. Kisha watu wa Severn wakaona kituo cha waangalizi kimejificha juu ya mti, wakakipiga, na mara moja shabaha ya Königsberg ikapungua ubora. Mizinga ilikuwa ile ile, gia zile zile, mabaharia wale wale. Kilichokatika ni njia ya taarifa kurudi.

Tarehe 11 Julai walirudi na mpango mwingine. Safari hii meli moja tu ingepiga, nyingine inyamaze. Severn ikatia nanga na kuanza. Angani alikuwa rubani John Cull na mwangalizi H. J. Arnold. Kila kombora likianguka, Arnold alituma rekebisho: mbali mno, karibu mno, kulia, kushoto. Mtutu ukapanda kidogo, ukashuka kidogo, na baada ya mapigo machache tu makombora yakaanza kuipata Königsberg. Ndege ikapigwa, injini ikazimika. Huku wanaanguka, Arnold aliendelea kutuma marekebisho. Walianguka majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Mchana ule Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe.

Ndugu mwandishi wa programu, hebu soma tena siku hizo mbili. Tarehe 6 walibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, wakashindwa kujua kipi kimeleta matokeo gani. Tarehe 11 walibadilisha kimoja kimoja. Hivi ndivyo tunavyotafuta hitilafu kwenye programu mpaka leo, na anayebadilisha mistari mitano kwa mpigo kisha akalalamika kwamba haelewi kilichotokea, huyo bado yuko tarehe 6 Julai. Hilo ndilo neno la tatu: marekebisho.

Mizinga 10 inapata magurudumu

Meli ikiisha huwa ndiyo mwisho wa hadithi. Hii haikuisha. Wajerumani waliingia kwenye mabaki ya Königsberg wakaitoa mizinga yote 10. Ikapelekwa Dar es Salaam, na karakana za huko zikaiundia vigari vya magurudumu ili ipigane nchi kavu.

Fikiria ugumu wa kazi hiyo kiufundi. Mzinga wa meli umefungwa kwa boliti kwenye sitaha ya chuma. Ukipiga, teke lake linaingia kwenye mwili wa meli nzima. Ukiuweka juu ya magurudumu, teke lile lile linataka kuubinua au kuusukuma nyuma. Na ukinyanyua mtutu, sehemu kubwa ya teke inaelekea chini, moja kwa moja kwenye ekseli na kwenye udongo ulio laini. Kwa hiyo kigari kinatakiwa kiwe kizito na imara, lakini pia kiweze kupita kwenye njia ambazo hazijawahi kuona gurudumu. Mafundi wa Dar es Salaam walifanya kazi hiyo bila spea kutoka Ujerumani, kwa vyuma walivyokuwa navyo.

Mzinga mmoja ulikwenda mpaka Ziwa Tanganyika ukawekwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924 na ikarudi kazini 1927 kwa jina mnalolijua, Liemba. Mingine ilizunguka na jeshi la Lettow-Vorbeck. Mmoja uliharibiwa na kuachwa Kahe, kusini mwa Mlima Kilimanjaro, mwezi Machi 1916. Waingereza nao hawakubaki nyuma: walitoa mizinga ya Pegasus kwenye maji ya Zanzibar, nayo wakaiwekea magurudumu. Mizinga iliyopigana baharini ikaja kupigana porini.

Sasa uliza swali ambalo vitabu vya mizinga huliruka. Ni nani aliyeivuta?

Jibu ni watu. Kwenye maeneo ya mbung'o ng'ombe na farasi walikufa haraka. Wakati wa masika magari yalizama matopeni. Iliyobaki ni mabega na kamba. Kila mtutu wa tani moja na nusu, ukijumlisha kigari chake na makombora yake, ulivutwa na mamia ya Waafrika, na majina yao hayakuandikwa popote. Upande wa Waingereza ni vivyo hivyo. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa wa wapagazi chini ya John Ainsworth, na maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya, Embu na Meru yakiwemo, yalitoa vijana wengi. Wengi wao hawakurudi. Hawakuuawa na mizinga. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na baridi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakaribia laki moja. Jina la kikosi chao, kile cha wabeba mizigo, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ukinunua viatu pale, unatembea juu ya jina lao.

Nawaambia haya kwa sababu sisi watu wa teknolojia tuna tabia ya kusifu ufundi na kuishia hapo. Kazi ya karakana ya Dar es Salaam ilikuwa ya ajabu, hakuna ubishi. Lakini kila mzinga uliofufuliwa uliongeza siku za vita, na kila siku ya vita ilihitaji mizigo, na mizigo ilihitaji mabega. Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwishoni mwa Novemba 1917, na kufikia hapo mizinga ile mikubwa ilikuwa imekwisha. Alijisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Fundi hodari hupaswa kuuliza pia kitu anachokitengeneza kitabebwa na nani.

Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus zimesimama leo Fort Jesus. Maadui wa Zanzibar, sasa majirani. Ukifika, usitazame mdomo wa mtutu peke yake. Inama uone pale unapobebwa na unaponyanyuliwa, uone gia.

Jedwali linazaa kompyuta

Nilisema kompyuta zitaingia. Haya, zinaingia.

Ukisoma fizikia ya sekondari utaambiwa umbali wa kitu kilichorushwa unapatikana hivi: chukua kasi, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa saini ya pembe mara mbili, gawa kwa 9.81. Tuijaribu kwa mzinga wa Königsberg. Kasi 690, pembe nyuzi 30. Jibu ni kama kilomita 42. Lakini tumeona kwamba kombora lilifika kilomita 12 tu! Kilomita 30 zimekwenda wapi? Zimeliwa na hewa. Kanuni ya darasani inadhani hakuna hewa.

Ukiiweka hewa kwenye hesabu, hakuna tena kanuni fupi. Inabidi ukate safari ya kombora vipande vidogo vidogo vya muda, upige hesabu ya kila kipande, uingie kinachofuata. Kila pembe, kila aina ya kombora, kila upepo. Majibu yaliandikwa kwenye majedwali, na mpiga mzinga aliyetaka umbali fulani alitafuta mstari wake akaona pembe. (Kwa lugha yetu: alikuwa anasoma kutoka kwenye safu iliyoandaliwa mapema, badala ya kukokotoa upya kila mara.)

Majedwali hayo yalitengenezwa na watu, wengi wao wanawake, wakipiga hesabu siku nzima. Katika Vita vya Pili kazi iliwazidi. Jeshi la Marekani likagharimia mashine ya kielektroniki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mashine hiyo ni ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Februari 1946. Njia ya kombora moja, iliyomchukua mtu saa nyingi kuipigia hesabu, mashine iliimaliza kwa takriban sekunde 30. Walioipanga ifanye kazi walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Kwa hiyo mmoja wa mababu wa kazi yangu na yako ni swali la mtutu: ninyanyue nyuzi ngapi?

Wakati mwingine jedwali linakuambia pembe ambayo gia yako haiwezi kufika. Tarehe 15 Juni 1944, huko Normandy, manowari ya Marekani iitwayo Texas ilihitaji kupiga mbali kuliko mizinga yake ilivyoweza kunyanyuka. Walifanyaje? Waliingiza maji upande mmoja wa meli kwa makusudi. Meli nzima ikainama kiasi cha nyuzi mbili, na mizinga ikapata nyuzi zilizokuwa zimepungua. Ukishindwa kunyanyua mtutu, nyanyua meli!

Vifaru vinaingia

Kifaru kilileta shida mpya. Kinatembea. Kila kikipanda tuta, mtutu unatazama mbingu. Kikishuka, unatazama udongo. Kifaru cha Kimarekani cha Sherman, cha Vita vya Pili, kilikuwa na kifaa chenye pia inayozunguka kwa kasi, kilichojitahidi kuushikilia mtutu pembe ile ile gari likiwa mwendoni. Kilisahihisha juu na chini tu, kushoto na kulia hapana. Askari wengi hawakufundishwa vya kutosha kukitumia, wakakizima. Baada ya vita, Centurion ya Waingereza ilikuja na mfumo wa kusahihisha pande zote mbili.

Kenya yetu ilinunua vifaru vya Vickers kutoka Uingereza miaka ya mwisho ya 1970, vyenye mzinga wa milimita 105. Ndiyo, 105, upana ule ule wa Königsberg! Na wengi mtakumbuka Septemba 2008, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Iliachiwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa. T-72 ina mtambo unaojaza makombora wenyewe, na ili ufanye kazi ni lazima mtutu uende kwanza kwenye pembe moja maalumu, usubiri, kisha urudi kwenye shabaha. Bila kipimo sahihi cha pembe, kombora haliingii.

Tufike Dallas sasa

Dallas ninayoisema ni mtaa wetu hapa Embu mjini, si ile ya Texas. Hapa mtu akileta kifaru cha rimoti kilichoharibika hakuna duka la spea la kukimbilia. Kuagiza gia moja ya plastiki kutoka ng'ambo kunaweza kugharimu kuliko gia yenyewe mara kadhaa, na kusubiri ni wiki nyingi. Kwa hiyo tunafanya kama karakana ya 1915, kwa vilivyopo. Fuata yale maneno matatu.

Uzito. Toa turubeti, chomoa betri, na uusukume mtutu kwa kidole. Je, unaanguka mbele wenyewe? Vifaru vingi vya kipimo hiki vina mtutu uliozidi uzito mbele, hasa mwenye kifaa akibadilisha wa plastiki akaweka wa chuma. Motandogo inabeba uzito huo kila sekunde, na meno ya gia yanaliwa. Kabla ya kununua chochote, gundisha kipande cha risasi ya kuvulia samaki nyuma ya egemeo, au funga springi laini ya kalamu iuvute mtutu juu. Ukiweza kuuacha katikati ukabaki hapo hapo, nusu ya ugonjwa umepona.

Kisha sikiliza. Mota inalia na mtutu haupandi: gia imepasuka kwenye shafti au meno yamekwisha. Unasikia "tak-tak-tak": mtutu umefika mwisho na mota bado inasukuma. Kimya kabisa: waya umekatika, mara nyingi pale turubeti inapozunguka na kuukunja.

Kipimo. Kifaru cha bei nafuu hakijui mtutu wake uko wapi. Mota inazunguka tu, kama mpiga mzinga asiye na jedwali. Dawa yake ni kuweka servo ndogo, zile za ndege za kuchezea. Servo hupokea pigo la umeme kila milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 huiweka katikati, na kutoka 1.0 hadi 2.0 huipeleka kama nyuzi 90 kwa jumla. Yaani uzi mmoja ni kama mikrosekunde 11. Mtutu wa Sherman halisi ulishuka nyuzi 10 na kupanda 25, jumla nyuzi 35. Ukiiunganisha servo moja kwa moja utatumia sehemu ndogo ya mwendo wake, na mtutu utaruka ruka. Afadhali mkono wa servo uwe wa milimita 10 na wenzo wa mtutu milimita 20. Hapo servo inasogea takriban nyuzi 70 ili mtutu usogee 35. Mwendo unakuwa laini, na nguvu ya servo inaongezeka karibu maradufu.

Marekebisho. Kwenye programu weka mipaka miwili, chini na juu, na usiruhusu amri yoyote ivuke. Usiitume servo moja kwa moja mahali pa mwisho. Isogeze hatua ndogo kila milisekunde 20. Kisha chora pembe kwenye karatasi ngumu, isimamishe kando ya kifaru, na ulinganishe ulichoamuru na kinachoonekana. Andika tofauti kwenye jedwali dogo ndani ya programu. Na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja kwa wakati. Kumbuka tarehe 11 Julai.

Kampuni ya Tamiya ya Japani iliingia kwenye magari ya rimoti mwaka 1974, na ilianza na Sherman ya kipimo hiki hiki cha 1 kwa 16. Watoto wa nchi nyingi wamejifunza gia na umeme kupitia vifaru vya aina hiyo. Wa kwetu wakijifunza pia, na wajifunze yote mawili: jinsi mtutu unavyonyanyuka, na ni mabega ya nani yaliyoubeba kutoka Rufiji.

Kwa leo niishie hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Anayekwenda Mombasa likizo hii apite Fort Jesus ahesabu meno ya gia za ile mizinga miwili, atuletee jibu.